Vile buibui kubwa ilinifanyia interview kwa kina Mwende, Nunguni

Wakuu, niaje. Hii sijatunga. Kama nadanganya, mniblock.

Mimi naziba pancha pale Malili kando ya highway. Class eight ndio degree yangu.

Jumapili, dem wangu Mwende akanipeleka kwao Nunguni nijulikane. Babake ni mzee wa kanisa, hacheki ovyo. Akaniuliza kazi.

"Engineer."

Mwende akanifinya paja mpaka nikaona nyota mchana.

Sasa kuku bado iko jikoni, watoto wanataka hadithi. Nikasema hapa ndio nashinda hii familia. Nikaanza: kijana anaenda kutafuta bibi, njiani anapata buibui kubwa kama ng'ombe, imefunga barabara na uzi, na inaongea.

Hapo nyanya ya Mwende, wanamuita Susu, akanikatiza. Alikuwa kwa kona anachagua ndengu.

"Wee kijana, hiyo buibui naijua kukushinda. Haikuli watu hivi hivi. Inauliza maswali. Ukidanganya, inakufunga na uzi, inakufyonza."

Akabadilisha sauti. Wakuu, hiyo sauti! Kama lori ya mchanga ikipanda mlima.

"Kijanaaa. Unaenda wapi?"

Watoto wote wakaniangalia. Ikabidi nijibu. "Kutafuta bibi."

"Na unafanya kazi gani?"

Mzee wa kanisa ameweka simu chini. Nikisema ukweli, Mwende amepotea. Nikidanganya tena... katoto ka miaka kama nne kamenishika mkono.

"Uncle, sema ukweli! Itakukula!"

Ungekuwa wewe?

"Naziba pancha Malili."

Susu akaacha kuchagua ndengu.

"Na engineer?" buibui ikauliza.

"Amekufa, Susu. Amekufa saa hii."

Mzee akaanza kukohoa. Akakohoa mpaka machozi. Kumbe anacheka.

Susu akarudia ndengu zake na sauti yake ya kawaida. "Baba Mwende, huyu apewe kuku. Wale wengine wawili Mwende alileta, wa kusema ni manager na daktari, walifyonzwa hapo hapo amekaa."

Wawili??

Nikageukia Mwende. Anaangalia mabati.

Funzo: ukienda kwa wakwe, usianze hadithi yenye nyanya wa hapo anaijua. Na kazi yako itaje tu, hata kama ni ya mafuta mkononi.

Sasa nishaurini wakuu: huyo daktari niulizie, ama ninyamaze nile mapaja yangu ya kuku kwa amani?