Nyamizi na Neno la Bruda

Nyamizi alifundishwa adabu mpaka ikamzidi. Mwaka ule watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, huko upande wa Segese, misheni ilikuja kuwachimbia kisima, na mumewe Jilala ndiye aliyeshushwa chini na sururu. Juu, gurudumu la kamba alilizungusha Bruda Anselmo, mzee wa Kihispania asiyejua Kiswahili hata cha kuombea chumvi. Pale aliposimama, ndani ya shimo haoni. Macho yake yalikuwa Nyamizi, aliyelala kifudifudi ukingoni.

"Espera," Bruda alimfundisha, huku amelishika gurudumu lisiende. Yaani subiri. Neno dogo, mtoto angelishika.

Lakini ukweni walishamlisha Bruda ugali, wakamwita baba. Basi Nyamizi naye akamfanya baba mkwe, na kwa Wasukuma mkamwana hamkodolei mkwe macho wala hampazii sauti. Ndoo ya mawe ilipokwama ukutani, akaacha ukingo, akapiga magoti, akainamisha uso: "Baba, espera." Kama anaomba ugoro! Gurudumu linalia kwiyo kwiyo, Bruda atasikia nini? Akavuta. Jiwe likachomoka, likatua karibu na mguu wa Jilala.

"Mmeamua kunizika?" Jilala akafoka toka chini.

Mama yake, Limi, alikuwa anazoa udongo. Akatupa karai. "Wewe! Heshima hiyo utampa nani mkishaniulia mtoto?"

"Mayu, mama yangu, si ni mkwe..."

"Mkwe wako alikufa na pombe yake, yuko kaburini. Huyu ni mshika kamba! Litoe neno kavu, unamtazama usoni."

Ndoo ikapanda tena, imejaa. Ilipofika katikati, mshikio wake ukachomoka upande mmoja, ndoo ikainama, mawe yakachungulia kichwa cha Jilala. Safari hii Nyamizi hakupiga goti. Akamkazia Bruda macho, sauti ikamtoka kama ya mchunga ng'ombe:

"Espera!"

Gurudumu likaganda. Bruda mishipa imemtoka shingoni, hapumui. Jilala akajibanza ukutani. Nyamizi akaingiza mti wenye ndoano, akaivuta ndoo taratibu mpaka nje.

Jilala alipopandishwa, matope mpaka kwenye kope, wanaume waliokuwa wakitazama walishaanza kunong'ona. Naye bila haya: "Umemkaripia mzee mbele za watu?"

"Nimemkaripia. Na kesho nitamkaripia tena. Hutaki, kachimbe na shangazi zako."

Jilala akamgeukia mama yake. Limi akamuuliza anataka maji ya kunawa, au anataka arudishwe chini.