Kitambaa cha Nsimire

Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Novemba, pasta alimimina maji juu ya vichwa vya watu wazima, na kila mwaka Adolphine alikaa kwenye benchi la tatu, mikono mitupu, akitazama wanawake wengine wakishika vitambaa.

Ndivyo ilivyokuwa desturi katika kanisa dogo la Wapresbiteri la Kadutu, lile lililofika Bukavu pamoja na makarani wa kutoka Kasai. Mwanamke habatizwi na kitambaa kichwani. Yule aliyemleta kanisani husimama nyuma yake, anafungua fundo, anakishika kitambaa kifuani mpaka maji yakauke, halafu anamfunga upya mbele ya watu wote. Tangu siku hiyo ataitwa mama wake wa kitambaa. Hata mkigombana sokoni, hata mkikaa mwaka mzima bila kusalimiana, yeye ni mama wa kitambaa tu. Akiugua, wewe ndiye unayempikia. Akifiwa, wewe ndiye wa kwanza kulia.

Si kwamba Adolphine alikuwa mvivu. Alikuwa na miaka sita katika kundi la kutembelea watu, na miguu yake ilijua kila jiwe la mlima wa Cimpunda. Lakini watu wake walimponyoka kama sabuni. Wa kwanza alifuata mume kwenye dhahabu ya Shabunda, zikibaki siku nane tu abatizwe. Wa pili alirudi kwa Wakatoliki, eti kengele yao inasikika mbali. Wa tatu alikufa wakati wa kiangazi, na Adolphine alimlilia mara mbili: mara moja kwa ajili ya marehemu, mara ya pili kwa ajili ya kitambaa.

Akabaki na Nsimire. Huyu alikuwa mjane aliyemzidi umri, anauza makaa kando ya njia kule Cimpunda, na ulimi wake ulikuwa na makali kama ule wa Adolphine. Labda ndiyo sababu walipatana. Miaka miwili na nusu, kila Alhamisi, Adolphine alipanda mlima, akakaa juu ya kigoda cha Nsimire, akamsomea Injili huku mwenzake akichagua maharage.

"Umemaliza?" Nsimire aliuliza kila mara.

"Nimemaliza."

"Haya, sasa tuongee mambo ya watu."

Mwaka ule wa 1956 mvua ilirudi mapema Septemba, na kanisa likaamka kama kawaida. Mazoezi ya koro, waimbaji wa kanisa, yakaanza tena. Wamama wakarudi kwenye darasa la kushona. Ikaja Jumapili ya mbegu, ambapo kila nyumba huleta maharage kidogo ndani ya kikapu yaombewe kabla ya kupandwa. Hapo ndipo Pasta Edouard aliposimama na karatasi yake na kutangaza kwamba kuanzia sasa wamama watatembelea watu wawili wawili.

"Maman Adolphine," akasoma, "na Maman Bibiane."

Bibiane! Huyo alikuwa amefika Bukavu mwezi wa Agosti tu, akitoka Luvungi pamoja na mume wake Camille, karani. Miaka ishirini na mitano, mashavu ya mtu asiyejua jembe, na nyumbani mashine ya kushona ya kukanyaga kwa mguu. Katika koro alikuwa na sauti ambayo ilifanya hata wazee wa kanisa wafumbe macho. Na alikuwa na mwavuli. Alhamisi ya kwanza alipanda Cimpunda na mwavuli wazi juu ya kichwa, viatu vyeupe miguuni, na Adolphine nyuma yake akinyeshewa, akiomba kimoyomoyo matope yafanye kazi yake.

Matope hayakufanya kitu. Bibiane alifika juu safi kama sahani.

"Yee, huyu ni nani tena?" Nsimire akauliza. "Pasta ameanza kutuletea maua?"

Bibiane akacheka, akapiga magoti kumsalimia, akachukua ungo na kuanza kuchagua maharage bila kuombwa. Adolphine akafungua Injili. Alisoma kwa nguvu sana siku ile. Alipomaliza, Nsimire hakusema tuongee mambo ya watu. Alisema, "Na wewe, mutoto wa Luvungi, unajua kuimba?"

Kumbe ndivyo mambo yanavyoanza.

Katikati ya Septemba jino likamvimbisha shavu, akalala Alhamisi mbili. Bibiane alienda peke yake. Alhamisi ya tatu, Adolphine alipofika na shavu lake limefungwa kitambaa, Nsimire alimpokea amesimama.

"Nimekubali," akasema. "Nimekwenda kwa pasta kujiandikisha. Nitabatizwa."

Miaka miwili na nusu! Na mwenye mwavuli, Alhamisi mbili!

"Ni Bibiane amekushauri?" Adolphine aliuliza.

"Bibiane ananifundisha majibu ya maswali ya wazee. Anaimba jibu, mi naimba nyuma yake, linaingia. Wewe unafundisha sawa mutu anapiga nguo ku jiwe."

Akacheka mwenyewe. Adolphine hakucheka.

Kuanzia hapo Adolphine akawa mlinzi. Alijua Nsimire ameingia nyumbani kwa Bibiane Jumatatu, ametoka saa ngapi, amebeba nini. Alisikia mashine ikilia mle ndani tata-tata-tata, na kila tata ilimchoma. Sokoni Maman Clémence, mke wa mzee mmoja wa kanisa, alimwambia huku akipima unga, "Inaonekana Bibiane anamushonea mupya wake kitambaa. Cheupe, na maua pembeni. Mwaka wa kwanza tu na tayari iko na mutu! Wengine banapata haraka, ee?"

"Wengine banapata haraka," Adolphine akajibu, "na wengine banaongea haraka. Weka unga yangu, Clémence."

Lakini nyumbani aliketi jikoni na sufuria ikaungua mbele yake. Angeweza kumwuliza Nsimire: nani atakufungua fundo? Neno moja tu. Hakuuliza. Mtu aliyepanda mlima miaka miwili na nusu hawezi kuomba kama anaomba chumvi. Badala yake alianza kwenda Jumatano, siku moja kabla ya Bibiane. Akamlimia Nsimire shamba dogo nyuma ya nyumba, akampandia maharage mistari mitano iliyonyooka kama daftari. Alhamisi Bibiane akayasifu. "Nani amelima vizuri hivi?" Na Nsimire akasema, "Mungu ananipenda," akawakonyeza wote wawili. Adolphine aliona jicho lile limemwendea Bibiane zaidi.

Jumatano moja ya Oktoba, akiwa anapalilia karibu na ukuta wa nyuma, akasikia harufu. Akainua majani ya ndizi. Chini yake kulikuwa na muvure, ile hori ndefu ya mti ya kukamulia ndizi, na ndani yake kasiksi, pombe ya ndizi, ikitoa povu.

"Mama mukubwa!" akasema. "Na hii?"

Nsimire hakuogopa. "Ni ya mwisho. Mutoto wa kaka yangu anaolewa Kabare, siwezi kwenda mikono mitupu. Nikimaliza hii napasua muvure, nafanya kuni. Umesikia? Ni wewe tu unajua."

"Na Bibiane?"

"Bibiane ni mutoto, angetetemeka. Wewe uko na tumbo la kuweka neno."

Kanisa lile halikuwa na mchezo na pombe. Mwenye kupika kasiksi habatizwi, imekwisha. Adolphine alijua, maana Anaclet mume wake, seremala, alikuwa mzee wa kanisa, na ni wazee wanaokaa na kila anayetaka kubatizwa na kumwuliza maswali. Adolphine akarudisha majani ya ndizi. Akaapa hatasema. Na wakati anashuka mlima, kwa mara ya kwanza tangu Septemba alikuwa anaimba, kwa sababu kulikuwa na kitu cha Nsimire ambacho ni chake peke yake.

Angekaa na kitu hicho, ingetosha. Lakini Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mbele ya mlango wa kanisa, Nsimire aliinama na Bibiane akampima kichwa kwa utepe wa kupimia, huku na huku, wakicheka kama wasichana. Bibiane akamwona Adolphine akapaza sauti: "Maman Adolphine, njoo uone! Hapa fundo litakaa vizuri?"

Adolphine akageuka akaenda zake. Mchana alimpakulia Anaclet bugali, akaweka sombe, mboga ya majani ya muhogo, pembeni, akabaki amesimama.

"Papa, lini munakwenda kumuuliza Nsimire maswali?"

"Jumanne. Kwa nini?"

"Hapana. Mukimaliza maswali ya kinywa, muulizeni na maswali ya nyuma ya nyumba. Chini ya majani ya ndizi."

Anaclet aliacha kutafuna.

"Una hakika unataka kuniambia hilo?"

"Nimekwisha kusema."

Jumanne wazee watatu walipanda Cimpunda. Walirudi mvua ikiwa inaanza. Anaclet alivua viatu mlangoni, akakaa, hakuomba chakula.

"Atangoja mpaka Pasaka," akasema. "Baraza limeamua. Kama hakuna pombe tena mpaka Pasaka, tutamwita upya."

Adolphine alisikia moyo wake ukipumua. Novemba hii Bibiane hatashika kitu. Atabaki na mikono mitupu kama watu wengine, na mwavuli wake. "Pole yake," akasema. "Na Bibiane, mama wake wa kitambaa, atasikitika sana."

"Bibiane?" Anaclet akainua kichwa. "Bibiane wapi?"

"Si ndiye aliyeandikwa?"

"Mambo ya baraza hayatoki nje, Maman. Nimefunga kinywa wiki tano kama kanuni inavyotaka. Lakini leo nitasema, kwa sababu hakuna cha kuficha tena. Nsimire alipokuja kujiandikisha, pasta alimwuliza jina la mama wa kitambaa. Alijibu kabla pasta hajamaliza. Adolphine, mke wa Anaclet. Wewe ulikuwa umelala na jino lako."

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu sasa.

"Na kitambaa anachoshona Bibiane?"

"Kitambaa ni cha kufungwa. Anayeshona ni fundi. Nsimire alimwomba ashone kizuri, ili usipate aibu kukishika. Tena leo, wakati tunafunua yale majani, unajua alituuliza nini? Hakuomba msamaha, hakulia. Aliuliza, 'Nani amewaambia?' Halafu akajijibu. 'Ni mutu mumoja tu alijua.'"

Alhamisi Adolphine alipanda mlima. Hakuvaa viatu. Njiani alimkuta Bibiane anashuka, mwavuli umefungwa, macho mekundu.

"Hataki kuongea na mutu," Bibiane akasema. "Maman Adolphine, nani anaweza kuwa na roho mbaya vile? Mi nashindwa kuelewa."

Mashavu yale, na machozi ya kweli juu yake. Adolphine alitaka kumchukia mara moja ya mwisho, akashindwa.

"Ni mimi," akasema. "Rudi nyumbani, utanyeshewa."

Hakungoja jibu. Alimkuta Nsimire nyuma ya nyumba. Muvure ulikuwa umepasuliwa, vipande vimepangwa ukutani vikauke viwe kuni. Kwa hiyo alikuwa amesema kweli. Maharage ya mistari mitano yalikuwa yametoka, majani mawili mawili, na magugu pia.

"Mama mukubwa," Adolphine akaanza. "Niliona wivu. Nilifikiri umemuchagua Bibiane, nikaona heri usibatizwe kuliko yeye akufungue. Njo maana nilisema. Hakuna maneno mengine."

Nsimire aliendelea kung'oa magugu. Akafika mwisho wa mstari, akanyoosha mgongo.

"Miaka miwili na nusu," akasema, "nilikuwa natazama. Nilikuwa najiambia, huyu mwanamuke anapanda hapa kwa ajili yangu, ao kwa ajili ya kichwa yangu? Wakati uliumwa, ukakosa Alhamisi mbili, nikaona nyumba iko kimya. Nikasema, hapana, ni kwa ajili yangu. Njo maana nikaenda kujiandikisha." Akatupa magugu pembeni. "Sasa sijui tena."

Nsimire aliingia ndani, akatoka na jembe la pili, lile lenye mpini mfupi. Alilitupa kwenye udongo, si mbali na miguu ya Adolphine.

"Anzia upande ule. Na usikate maharage."

Wakalima. Mvua ikaja, ndogo kwanza halafu ya kweli, na hakuna aliyeingia ndani. Vitambaa vyao vikalowa vikanata kichwani. Mstari wa tatu ulipokwisha, Adolphine akasema bila kuinua macho:

"Pasaka iko mbali."

"Iko mbali."

"Nitakuja kila Alhamisi."

"Njia ni ya Serikali, siwezi kukufungia."

"Na kitambaa..."

"Adolphine." Nsimire alisimama, maji yakimtiririka usoni. "Usiniulize kitambaa. Ukiniuliza kitambaa kabla ya Pasaka, hata mara moja, nitakipeleka kwa Bibiane mi mwenyewe, na atakishikia mwavuli wake juu. Umesikia?"

"Nimesikia, mama mukubwa."

"Haya. Lima."

Jumapili ya kwanza ya Novemba, Adolphine alikaa kwenye benchi la tatu. Maman Clémence alishika kitambaa cha mtu, na alikishika juu sana, kila mtu aone. Adolphine aliweka mikono yake juu ya magoti. Kucha zake zilikuwa na udongo wa Cimpunda ambao haukutoka hata kwa sabuni. Aliitazama mikono ile muda mrefu, halafu akaikunja, kwa sababu Nsimire alikuwa ameingia kwa kuchelewa na kukaa nyuma kabisa karibu na mlango, kichwa kimefungwa kitambaa chake cha zamani, na Adolphine hakutaka kugeuka kumtazama, isije ikawa kama kumwuliza kitambaa.

Aligeuka mara moja tu.