Mlango wa Kushoto

Ukivunjika mfupa, kisha ngozi yako ikapakwa rangi nzuri, utasema umepona?

Nikodemu alijiuliza hivyo huku amechuchumaa mbele ya gari dogo la Sista Demetria, mkunga wa zahanati, katika karakana ya ushirika wa mafundi bodi, Chang'ombe. Ulikuwa mwaka 1972. Alikuwa na miezi miwili tu pale, bado mwanachama wa majaribio. Kabla ya hapo alichonga vinyago miaka ishirini, tangu kwao Newala, na mkono wake ulibaki na tabia ambayo wenzake waliicheka: hagusi kitu mpaka akigonge kwa kidole na kusikiliza. Mpingo wenye ufa ndani haulii kama mpingo mzima.

Gari lile lilibanwa kati ya lori na ukuta, nguzo za milango yote miwili zikapinda. Tena halikuwa la bati. Bodi yake ilikuwa ya faibaglasi, nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, na hakuna fundi pale aliyewahi kushika gari la namna hiyo. Mwenyekiti Adelard, hodari wa bati, alilinyoosha kwa njia aliyoijua: nyundo. Nguzo zikarudi mahali pake, safi machoni. Ilibaki puti, msasa na rangi.

Nikodemu akagonga nguzo ya kulia. Ko, ko. Penye bawaba: pu. Akahamia kushoto. Pu.

"Ndugu mwenyekiti, hapa pamekufa. Nyuzi zimekatika ndani. Bawaba zimeshika hewa."

"Mzee wa vinyago," Adelard akacheka, "hili ni gari. Mbona unalipigia hodi?"

"Hodi, hodi! Wenyewe hawapo!" akadakia fundi mmoja, karakana ikaangua kicheko.

"Sista anabeba wajawazito humu. Mlango ukichomoka njiani je?"

Kicheko kikakatika. "Sista anakuja kesho asubuhi, tumemwahidi," Adelard akasema. "Mie nanyoosha bodi tangu enzi za mkoloni. Ukilikata gari hili, kesho hiyohiyo wanachama wanapiga kura. Utarudi kwenye magogo yako."

Nikodemu alikuwa na watoto wanne. Lakini ujamaa hupimwa hapo hapo, mbele ya kazi mbovu iliyofichwa, wala si kwenye mabango. Akachukua msumeno. Akakata. Kipande cha nguzo ya kulia kilitoka kimelegea kama kadibodi iliyolowa. Stoo ya ushirika ilikuwa na kitambaa cha nyuzi za kioo na kopo la gundi, masalia ya kazi ya mashua. Akalaza kitambaa, akakilowesha gundi, akalaza kingine, na kingine, jua likagandisha.

Gundi ikaisha. Madukani hakukuwa na hata kopo moja.

"Kushoto sijapagusa," akatangaza mbele ya wote. "Pasipakwe rangi."

Alasiri Adelard alilipiga rangi gari zima mwenyewe, jeupe, likang'aa.

Asubuhi iliyofuata wanachama walisimama nusu duara. Sista Demetria alifika na mkoba wake.

"Habari za kazi, ndugu zangu?"

"Nzuri, Sista. Ngoja kidogo, tuna shauri," Adelard akajibu. Akafungua mlango wa kulia, akauning'inia kwa uzito wake wote. Haukutikisika.

"Haya, umeshika," akasema shingo upande. "Na wangu utashika vilevile, bila kumaliza gundi ya ushirika!"

Akazunguka hadi mlango wa kushoto.

"Mwenyekiti, acha!" Nikodemu akapaza sauti.

Adelard alikwisha kuning'inia. Kukasikika mlio kama wa bua kavu linalovunjwa gotini, mlango ukang'oka na kipande cha nguzo, yeye chini, mlango kifuani.

Hakuna aliyecheka. Sista aliweka mkoba chini, akalitazama tundu.

"Mama Somoe ana uchungu tangu alfajiri," akasema polepole. "Ningemkalisha hapo."

Adelard hakuinuka. Aliketi vumbini, mlango mapajani, akakunja kidole akagonga kile kipande kilichoning'inia kwenye bawaba. Akainamisha sikio. Akagonga tena.