Geukeni Ukutani

Kila asubuhi, kabla hajaketi, Shangazi huipindua kibodi na kuichapa makofi mgongoni mpaka makombo ya mkate yadondoke. Makombo si yake. Ni ya watoto wa kaka yake, kama vile nyumba ilivyo ya kaka yake na kompyuta pia. Cha Shangazi pale sebuleni ni kazi tu. Yeye ni mpiga chapa: watu humletea mwandiko uliopinda kama nyayo za kuku, naye huunyoosha.

Siku hiyo alikuwa amemaliza kitabu cha mkunga mmoja mstaafu, kurasa mia mbili, miezi mitatu ya macho kuwasha. Mkunga angekifuata saa sita mchana, na alishasema wazi: "Leo nikikikosa, mwanangu, daftari zangu nampa mwingine." Kitabu chote kimo ndani ya kompyuta. Shangazi akaiwasha, akaandika neno la siri. Likakataliwa.

"Aa, hilo nimelibadilisha jana," kaka yake akasema, mdomo umejaa mkate. "Watoto wamezidi michezo."

"Na mimi hukuniambia?"

"Ulikuwa umelala. Sogea nikufungulie."

"Si uniambie tu?"

"Siri ikisemwa ni siri tena? Haya, wote, geukeni ukutani!"

Wakageuka: Shangazi, mke wa kaka na watoto wawili, pua kwenye rangi ya ukuta kama waliofanya kosa shuleni. Kaka alikuwa karani wa ghala, miaka ishirini ya kuandika hesabu ya magunia, na tarakimu alizibonyeza kwa vile vitufe vya kulia tu, haraka haraka, macho kwenye vidole. Ta-ta-ta-ta. Likakataliwa. Akarudia. Likakataliwa.

"Umelisahau," Shangazi alisema.

"Mimi? Nisahau tarehe niliyoajiriwa?"

"Tarehe ya harusi yenyewe huijui," mkewe akamwambia ukuta.

Basi ikawa vurugu. Kaka alipokwenda kunawa mikono, mkewe akajaribu tarehe ya harusi. Mtoto mkubwa akajaribu yake ya kuzaliwa, mdogo akabonyeza alichotaka. Kompyuta ikachoka nao, ikaandika kwamba akaunti imefungwa kwa dakika kumi.

"Nani kawaambia mguse?" Shangazi alifoka.

"Tunakusaidia, wifi."

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Dakika kumi zikaisha, kaka akarudi, ukuta tena, ta-ta-ta-ta, hola. Ikafungwa tena. Saa tano ikapita. Shangazi alikaa mkono shavuni.

Zamu iliyofuata alikataa kugeuka.

"Geuka!"

"Sigeuki. Kama nimekuibia, nishtaki."

Kaka akanuna, akabonyeza hivyo hivyo. Shangazi hakuangalia vidole. Aliangalia kioo cha kompyuta, pale ambapo kila tarakimu hujionyesha kwa kitone. Kisanduku kilikuwa kitupu.

"Kaka. Umebonyeza mara nane, hakuna hata kitone kimoja."

Akanyoosha kidole chake, akagusa kitufe cha juu ya vile vya tarakimu. Kitaa kidogo cha kijani kikawaka.

"Vilikuwa vimezimwa. Andika sasa."

Akaandika. Kompyuta ikafunguka kama mlango usiowahi kuwa na kufuli.

"Umeona? Neno langu lilikuwa sahihi!" kaka akajipiga kifua.

Ilikuwa saa sita kasoro robo. Shangazi alikinakili kitabu kwenye flashi, akakifungua kuhakikisha kurasa zote zimo, akaichomoa.

"Ila umeniona vidole," kaka aliendelea. "Leo leo nalibadilisha."

"Libadilishe."

"Na kesho nitakufungulia mwenyewe, usijali."

Shangazi alikusanya daftari za mkunga, akazifunga kwa kanga, akavaa viatu.

"Wifi, chai yako inapoa!"

Alikutana na mkunga njiani, wakaenda pamoja kukichapisha duka la fotokopi, ambako mwenye duka alikuwa na meza yenye kompyuta, isiyo na mtu. Mpaka leo Shangazi anapiga chapa pale. Kwa kaka yake hajarudi.