Dobi Aliyefua Chujio

Tangu asubuhi Kiwembe hajakaa. Anapiga pasi shati, analitundika halijaisha, anatoka uani, anafunua kifuniko cha beseni, anachungulia, anafunika, anarudi ndani. Kabla pasi haijapoa ameshatoka tena. Mke wake, aliyekuwa akipanga mashuka ya wateja kwenye rafu, alimwambia kwamba maji hayabadiliki kwa kukodolewa macho. Kama yangebadilika, basi yeye Kiwembe angekuwa mwanamume mtulivu miaka mingi sasa, maana amekodolewa vya kutosha.

Kiwembe alikuwa ameshageukia mlango. Jicho lake lilikuwa kwenye sanduku. Lilikuwa la kijani, limefungwa kamba kiunoni, limesimama wima kando ya mlango wa mbele kama mgeni aliyekataa kukaribishwa kiti. Ni sanduku la dada yake mkubwa. Jumamosi gari la binamu yao lingepita kumchukua, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Wapo watakaosema huyu Kiwembe ni dobi tu. Waseme. Madobi wako wengi, lakini suruali ikitoka mikononi mwa huyu, mkunjo wake unakata mkate. Jina lake lilitoka hapo. Wenye harusi na wenye kesi mahakamani waliwapita madobi wengine barabara nzima wakimfuata yeye. Yeye alilijua hilo, na kama wewe hukulijua alikuambia. "Uchafu wote nimeshakutana nao," alikuwa akisema, akijipiga kifua, "na hakuna ulionisalimia mara mbili."

Ukimtoa kwenye kufua, alikuwa mtu asiyeshikika. Alikula amesimama. Alisimulia habari akitembea, ukitaka kujua ilivyoisha umfuate. Mama yao alifariki yeye angali mdogo, na dada mkubwa ndiye aliyemlea. Mpaka leo dada anasema kwamba huyu hata mgongoni hakutulia, ilikuwa kama kubeba gunia lenye paka.

Sasa dada huyo magoti yalikuwa yamemgomea. Alikuwa akiishi peke yake ghorofani, juu ya ngazi nyembamba zisizo na pa kushika. Alipoanguka kwenye ngazi hizo, Kiwembe alimfuata, akamchukulia sanduku lake na kumwambia kwamba sasa atakaa kwake. Si kwa wiki moja, atakaa. Dada alikubali shingo upande. Mtu aliyezoea kutunza wenzake ni kazi ngumu kumtunza.

Hospitalini mtaalamu wa viungo alimshauri akae kwenye maji ya moto kiasi. Na kana kwamba mambo yamepangwa, mteja mmoja wa Kiwembe, aliyekuwa anahamia mbali, akamwachia beseni la kupuliza. Silo la kufulia, jamani. Hili ni la kuingia watu wazima, pana kama chumba cha mpangaji. Unalijaza upepo mpaka kuta zinasimama zenyewe, unatia maji, halafu pampu iliyo pembeni inayapasha moto na kuyazungusha. Ndani ya pampu kuna chujio, umbo lake kama mkebe, la karatasi ngumu iliyokunjwakunjwa, na katikati lina tundu. Maji hupita humo yakaacha taka zake, yakarudi kwenye beseni yakiwa safi. Ndivyo inavyotakiwa.

Siku za mwanzo dada alitoka humo akitembea kama msichana, hata akaimba. Kisha maji yakaanza kuwa na ukungu, kama yaliyooshewa mchele. Kuta zikashika utelezi. Dada akatoka vipele mapajani. Hakulalamika, na hilo ndilo lililomtia Kiwembe wasiwasi, kwa sababu dada yake akiwa mzima hulalamikia kila kitu, jua likiwemo. Safari hii alisema tu, kwa adabu ya mgeni, kwamba amekaa vya kutosha, asanteni, na binamu akipita ataondoka naye. Akaenda kufunga sanduku.

Arudi kwenye ngazi zile zile. Kiwembe kila alipofumba macho aliziona.

Sasa dobi akiona maji machafu anafikiria nini kama si sabuni? Alichomoa chujio, akakuta mikunjo imekuwa ya kijivu na inateleza, akacheka. Huyu ndiye adui mwenyewe? Akalifua kama kola ya bwana harusi. Alilitia sabuni ya unga, akalisugua kwa brashi, akalisuuza, na kwa kuwa lilikuwa la dada na si la mtu baki, akalitosa kwenye ile dawa ya kulainisha nguo yenye harufu ya maua. Halafu akalinyoosha mkunjo mmoja mmoja kwa kidole. Nina hakika kama mkewe asingekuwa karibu angelipiga pasi.

Akalirudisha mahali pake, akabonyeza kitufe, akasimama mikono kiunoni akingojea sifa.

Lilikuja povu. Kwanza shanga chache pembeni, kisha mto wa kulalia, kisha kilima. Likavuka kingo, likashuka uani, likameza ndala za mkewe, likashika njia kuelekea kwenye kamba ya nguo za wateja. Dada alitokea mlangoni na fimbo yake, akalitazama, akauliza kwa upole kama leo anaogeshwa au anaozeshwa. Mke wa Kiwembe alicheka mpaka akakaa chini. Kiwembe naye angecheka, ila alimwona dada akigeuka kurudi ndani, na jinsi mkono wake ulivyoutafuta ukuta.

Maji yote yakamwagwa, yakajazwa mengine. Chujio lenyewe lilikuwa limeota manyoya kwa ile brashi, na mikunjo imelegea kama soksi kuukuu. Kiwembe akakimbilia duka la vifaa vya ujenzi, akaomba chujio la beseni, akapewa lenye sura ile ile. Hakupima. Mtu anayekijua kiuno cha mteja kwa kumwona anavuka barabara, apime nini? Alipofika nyumbani tundu likawa pana kuliko mdomo wa pampu, chujio likacheza kama pete ya kuazima. Basi akakata kitambaa kigumu cha kola, akalizungushia shingoni, akalishindilia kwa nguvu. Maji, ambayo si majinga, yakajipatia upenyo na kupita pembeni, yakaliacha chujio limekaa pale kama mlinzi aliyesinzia getini. Mengine machache tu ndiyo yalipita ndani. Dada alipoingia mara mbili tatu, ukungu ukarudi.

Hiyo ndiyo Alhamisi ya kufunua na kufunika.

Mwishowe mkewe alimnyang'anya pasi. "Baba watoto, nenda duka la vitu vya mabwawa ya kuogelea. Beba machujio yote mawili. Na ukifika, nyamaza usikilize."

"Ninyamaze kwa nini?"

"Jaribu tu. Huenda ukapenda."

Duka lilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta, jembamba, limejaa mabomba na ndoo za dawa ya maji, na harufu ya klorini ilikupokea kabla ya mwenye duka. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo aliyepandisha miwani kichwani. Alilichukua chujio la kwanza, akaligeuza, akalinusa.

"Hili limefuliwa."

"Limefuliwa vizuri," alisema Kiwembe, kifua mbele.

"Na dawa ya kulainisha."

"Umejuaje?"

"Baba, linanukia kuliko mimi."

Akamweleza taratibu, huku Kiwembe akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule. Chujio si nguo. Sabuni ukiitia inajificha kwenye mikunjo, na maji yakizunguka inatoka kuwa povu. Dawa ya kulainisha ni mafuta mafuta, inaziba vitundu. Brashi inachana. Chujio husuuzwa kwa maji matupu ya bomba la mpira, mkunjo kwa mkunjo, juu kushuka chini, likaachwa likauke kivulini. Afadhali mtu awe nayo mawili, moja likiwa kazini lingine linakauka, na likishaota manyoya au likigoma kuwa jeupe, litupwe bila kuliliwa. Halafu akatoa futi ya kupimia. Akapima urefu, akapima upana, akapima tundu, akatazama kama limetoboka pande zote mbili au upande mmoja umezibwa. Sura zinadanganya, alisema. Kila kiwanda kina vipimo vyake, na chujio likipwaya hata kidogo ni sawa na kutokuwa nalo. Akapanda ngazi, akamteremshia mawili yaliyolingana na lile la kwanza.

Kiwembe aliyakwapua, akawa ameshafika mlangoni.

"Ngoja. Hili lako la pili ni jipya, mbona limeshaanza kuziba?" Alipitisha kidole kwenye mikunjo, akakiinua kwenye mwanga. Kidole kiling'aa. "Haya ni mafuta. Nani anaingia humo?"

"Dada yangu mkubwa."

"Anajipaka kitu kabla ya kuingia?"

Kiwembe akakumbuka. Aliiona chupa ya kahawia, yale mafuta ya kuchua yenye harufu ya kufungua pua, na dada akijipaka magotini bila ubahili, kisha huyo, majini. Aliliona na gauni la kuogelea, ambalo yeye mwenyewe alilifua kila siku na kulitia dawa ya kulainisha kwa mapenzi, mara tatu ya kipimo.

Mama wa duka alisema dawa yake ni ndogo. Gauni lisuuzwe kwa maji matupu. Dada ajimwagie maji mafuta yatoke, ndipo aingie. Ajipake akishatoka. "Mwambie tu."

Mwambie tu! Kiwembe ndiye aliyewahi kumwambia hakimu mmoja, mbele ya karani wake, kwamba suruali si ndogo, tumbo ndilo limekua. Lakini huyu ni dada aliyemwogesha, aliyemsugua masikio mpaka yakawaka moto. Unamwendeaje mtu kama huyo ukamwambia nenda kaoge kwanza? Alilipita geti lake, akazunguka mtaa, akalipita tena. Jirani akamuuliza kama amepoteza kitu.

Hatimaye aliingia. Akamwaga yale maji, akafungulia mapya, akalitia chujio jipya likakaa kimya, bila kucheza. Kisha akapiga moyo konde, akaenda chumbani kwa dada. Dada alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anakunja leso.

"Dada."

"Ee."

"Magoti yanasemaje?"

"Umeniuliza magoti, mbona unatazama dirisha?"

Kiwembe alitembea mpaka kwenye hilo dirisha, akarudi. "Kuna jambo, dada. Ila usilichukulie vibaya."

"Ukishasema hivyo limeshakuwa baya. Litoe."

Akalitoa lote kwa pumzi moja, kama mtu anayebandua plasta: mafuta yale, chujio, ajimwagie maji kwanza, ajipake baadaye. Na kabla dada hajafumbua mdomo akaongeza kwamba la gauni ni kosa lake yeye, dobi mzima, na povu lile pia, na vipele vile huenda navyo vimetoka humo humo.

Dada aliiweka leso chini. "Ndilo hilo tu?"

"Ndilo hilo."

"Wewe mtoto wewe." Alimnyooshea kidole. "Kila nikitoka kwenye maji, hata sijajifuta, wewe huyo. Umefunua, umechungulia, umekunja uso. Unazunguka, unarudi, unachungulia tena. Nikasema haya, nimekuwa uchafu kwa mdogo wangu. Nepi zako nimefua kwa mikono hii, leo unanipekua maji kama mpelelezi. Mtu wa hivyo akae afanye nini?"

Kiwembe alisimama kama aliyemwagiwa maji baridi. Ukungu, utelezi, tundu, vyote alikuwa ameviwazia, ila hili halikumpitia kichwani. "Nilikuwa nalikagua chujio, dada. Sikuwa nakukagua wewe."

"Chujio halina macho. Mimi ninayo."

Hapo Kiwembe akakaa. Alikaa sakafuni, mgongo kitandani, karibu na miguu yake. Dada akashangaa, akamshika kichwa kuona kama ana homa.

Baadaye akasema, "Jumamosi tuone. Nitaingia. Na wewe uje. Usije kuchungulia, uje kukaa."

Jumamosi beseni lilikuwa limepata joto, na maji yalikuwa maangavu kiasi cha kuhesabu mishono ya sakafu yake. Dada alijimwagia maji kwanza, tena kwa kelele, ili watu wote wasikie anajimwagia. Alipoketi, magoti yake mawili yalionekana chini kabisa, yametulia. Kisha akageuza kibao. Akamwamuru Kiwembe anawe miguu bombani, akamkagua kucha, akamrudisha akanawe tena, ndipo akamruhusu akae kwenye kigoda na kuitumbukiza ukingoni.

Kiwembe alikaa. Vidole vya miguu vilicheza, goti likatikisika, shingo ikageuka kuelekea pampu. Ilikuwa inanguruma sawasawa. Au imebadilika kidogo? Akainuka nusu.

Mkono wenye maji ukamshika pindo la shati. "Kaa."

Akakaa.

Nje gari likapiga honi. Mke wa Kiwembe alimfungulia binamu, na binamu akauliza sanduku liko wapi alipakie. Lilikuwa limehamishiwa kivulini chini ya paa la uani, limelazwa, kamba imefunguliwa, nguo hazimo. Juu yake, kwenye kitambaa cheupe, palikuwa na chujio la akiba, la pili kati ya yale mapya mawili. Kiwembe alishindwa kujizuia, alilisuuza alfajiri ingawa lilikuwa jipya na halijawahi kutumika.

"Sanduku hilo lina kazi," mke akamwambia binamu. "Kama una haraka nenda. Kama huna, vua viatu ukanawe miguu."

Honi ikapigwa tena, mtoto wa nani sijui anaichezea. Kiwembe akageuka, akainua kisigino.

"Kaa," akasema dada, macho ameyafumba.