Siku Mbuzi za Nazi Zilipokaa Barazani

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu, maana ndiyo siku wanaume wa mtaa wetu wa Kuze walipotaka kuamua kama mimi niende chuo cha ualimu huko bara, au nikae nyumbani ningoje posa. Mimi sikualikwa. Mama pia hakualikwa. Mambo makubwa yalikatwa nje, barazani kwetu, baada ya swala ya alasiri, nasi wanawake tukaletewa hukumu jikoni pamoja na vikombe vya kahawa vya kuoshwa.

Asubuhi yake akaja jirani yetu, Bi Zuhura, Mungu amrehemu. Leo wasomi wanamwita msanii mkubwa, lakini mtaani tulimwita Zuhura wa Vituko. Hakuchora, hakuchonga. Alichukua kitu unachokiona kila siku akakiweka usipotarajia kukiona, ukabaki mdomo wazi. Aliwahi kukusanya kadi za harusi, zile zinazomtaja bwana harusi na ukoo wake wote, na bibi harusi zikamwita "binti yetu" tu. Akazitundika ukutani, na palipokosa jina akabandika kioo. Ukenda kusoma, wajiona wewe! Na wanawake walioonewa na waume zao alikwenda nao kwa kadhi, mvua inyeshe, jua liwake.

"Nipe mbuzi yako ya kukunia nazi," akamwambia mama.

Mama akampa bila kuuliza, ile yenye mguu uliotiwa kipande cha bati. Mimi roho ikaniruka. Nikaikamata.

"Bi Zuhura, tafadhali, si leo! Baba akikasirika leo, nimekwisha."

"Hukumu yako yakatwa wapi, mwanangu?"

"Barazani."

"Na mamako atakuwapo?"

"La."

"Basi leo atakuwapo. Wachilia."

Nikawachilia, machozi yanitoka.

Alasiri wanaume wakatoka msikitini. Lo! Baraza imejaa. Mbuzi za nazi za mtaa mzima zimepangwa zikatazama njiani, kama watu waliokwisha kukaa, hakuna hata pa kuweka kikombe. Sisi wanawake tumebanana dirishani. Baba akasimama mbele ya ile yenye bati. Aliijua. Mwenzake mmoja akainua mguu azipige teke, na Maalim, mzee kupita wote pale, akamzuia kwa bakora yake. Kisha akaishusha mbuzi ya mama chini, akakunja kanzu, akaikalia. Magoti yakamfika kidevuni. Hakucheka mtu.

"Subhanallah," akasema. "Umri wangu wote nala wali wa nazi, na sikujua kiti chake ki chini namna hii. Mwenye kiti hiki ameulizwa?"

Akawatazama mmoja mmoja.

"Basi sisi twahukumu nini hapa?"

Baba akaingia ndani na viatu vyake, jambo ambalo hakulifanya kamwe. Akasimama mlangoni mwa jiko. "Wewe wasemaje?" akamwuliza mama. Wallahi, swali hilo sikupata kulisikia nyumbani mwetu tangu nizaliwe. Mama hakuinua macho kwenye mchele aliokuwa akiuchagua.

"Aende," akasema.

Neno moja tu, na mimi nikaenda, nikafundisha mpaka nikastaafu. Hata leo nikilikumbuka mwili wanisisimka. Zuhura, mwanamke mmoja, bila kupaza sauti, kwa vyombo vya jikoni tu!

Sasa jana nimekusikia ukimcheka yule msichana aliyetandaza viatu vitupu vya wanawake pale uwanjani Makadara. "Ati hii nayo ni sanaa?" Mimi nami nililia siku ile, kwa hivyo sikugombi. Lakini wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usilolielewa, simama kwanza ulitazame. Viatu vile vina wenyewe. Kaulize ni akina nani. Na siku utakayopewa nafasi ya kukata shauri la mtu, angalia ni nani hayupo, kisha inuka wewe mwenyewe ukamwite.

Mungu akupe macho ya Zuhura, mwanangu, na akupe magoti ya Maalim, yanayokubali kukunjika. Na binti yako akingoja neno lako, Mola akukumbushe kupitia jikoni kwanza.