Piza ya ndagala kule Gashoho

Mimi ni mwoga, nisiwadanganye. Nilikulia kambini Tanzania, na huko nilizoea kuogopa vitu vinavyojulikana: mvua kuangusha nyumba ya udongo, chakula cha mgawo kuchelewa, mama kushikwa na homa. Tuliporudi Burundi amani ilikuwa imeshashika, watu wanasalimiana, masoko yamejaa. Ndipo nikakuta woga ambao hakuna aliyekuwa amenifundisha, woga wa sahani.

Nilikuwa napika katika nyumba moja ya wageni pale Gitega. Sista mmoja mgeni ndiye aliyenifundisha piza, na mimi, kwa utundu wangu, nikirudi nyumbani naipika nipendavyo mwenyewe. Badala ya nyama natupia ndagala, wale dagaa wa Ziwa Tanganyika, nimewakaanga kwanza na vitunguu mpaka wakakauka vizuri. Jamani, ilikuwa tamu! Chumvi ya samaki, ukali wa nyanya, jibini inavutika ukiuma, na ile origano, majani makavu ya kunukia ambayo sista alinipa kidogo kwenye kikopo. Oveni sina. Naweka mkaa chini ya sufuria na mkaa mwingine juu ya kifuniko, kama tunavyooka keki. Majirani walikuwa wakinicheka, halafu wanakuja na sahani.

Baba yeye alikuwa Gashoho, mkoani Muyinga, kwenye shamba la babu. Tulipokimbia, kuna mtu asiye na haki nalo aliliuza, na aliyelinunua alikuwa fundi cherehani, Mwislamu wa Muyinga mjini. Fundi alishafariki, akabaki mjane wake, bibi mwembamba wa maneno machache. Yule bibi hakuwa mwizi, walilipa kwa jasho lao. Sisi nasi hatukuwa wezi, tulikuwa tumerudi kwetu. Basi wazee wa kilima, yaani wa kijiji chetu, wakalikata shamba katikati, wakasema, mkila pamoja mbele yetu yamekwisha, msipokula kesi inarudi ilikotoka. Baba hakuwa na nguvu za kesi nyingine. Nyumba yake ilikuwa haijaezekwa hata upande mmoja.

Akanipigia simu. "Njoo upike wewe. Kuku yule bibi hatamla, maana tutakuwa tumemchinja sisi. Mbuzi ni hivyo hivyo. Samaki hana mchinjaji. Lete ile mikate yako ya kizungu."

"Baba, je akikataa?"

Akacheka. "Wewe nawe! Umezidi. Ila haya, kwa mwoga huenda kicheko."

Yeye alicheka. Mimi nilipokata simu nilikaa chini.

Safari nzima ya kutoka Gitega nilikuwa nafungua kikapu na kunusa. Jibini niliifunga kwa majani ya mgomba, bado naona inachacha. Nikaogopa unga utapata maji. Nikaogopa ndagala wana mchanga, na kwamba bibi wa watu atauma jiwe mbele ya wazee. Nilinusanusa hivyo mpaka mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akaniuliza kama nina mimba.

Nikapika uani kwa baba, moshi machoni, na mara hii ilitoka nzuri kuliko siku zote. Nikaikata vipande, nikanyunyiza origano kwa wingi, nikaibeba kwenye sinia hadi pale mpaka mpya wa shamba ulipopita. Wazee walikuwa wameketi upande mmoja na bibi upande mwingine, baba katikati. Nikapiga goti, nikatenga sinia, nikawakaribisha. Kisha nikarudi nyuma nikasimama, mikono nimeifumbata, kama nilivyolelewa. Kambini kwetu, binti anayetia mkono kwenye chakula kabla ya wageni ni mlafi, na mama yake anasemwa mwezi mzima.

Hakuna aliyechukua.

Bibi aliinama akatazama. "Haya majani ya juu," akaniuliza, "iko ya nini?"

"Ni origano, bibi. Ya kunukia tu."

"Ya wapi?"

"Ya... mimi nilipewa."

Masikini mimi! Kila nilichojibu kiliharibu. Mzee mmoja akasogeza kiti chake nyuma kidogo. Bibi akakunja mikono ndani ya kitenge chake. Nami nikazidi kusimama kwa heshima, na nilivyozidi kusimama ndivyo walivyozidi kuitazama ile sinia bila kuigusa. Nikamwangalia baba. Jasho lilikuwa linamtoka, naye amekaa kivulini.

Mwishowe mzee mwingine akakohoa. "Binti, kwani wewe umeshiba?"

"Hapana, mzee. Nyinyi kwanza."

"Onja!" baba akaninong'oneza, sauti imekauka. "Onja, mwanangu. Hapa anayepika ndiye anayeanza, wamwone."

Hapo ndipo nilipoelewa. Walikuwa wanangoja nile kwanza waone kama nitaanguka kwa sumu. Nilisikia baridi mwili mzima, jua la mchana linawaka. Nikachukua kipande, nikauma, kikanikwama. Mdomo hauna mate hata tone. Wote wananitazama koo, na mimi nawaza, nikipaliwa sasa hivi, baba amekosa shamba. Nikatafuna, nikatafuna, nikameza kwa nguvu mpaka machozi yakanitoka.

Bibi akaninyooshea mkono, nikampa kipande. Akasema bismillahi, akala chote bila kunitazama, akafuta midomo. "Iko tamu," akasema. Wazee wakapiga makofi. Wakala, wakabishana ni nani apewe pembe iliyoungua, baba akacheka kwa sauti kubwa mno. Wakatamka kwamba yamekwisha.

Nikachukua sinia kwenda kuiosha nyuma ya nyumba ya baba. Nilisikia sauti kwenye migomba, nikadhani ni mtoto anaumwa. Alikuwa bibi. Ameinama, kidole amekitia kooni, anatapika piza yangu.

Aliniona. Nilitaka kukimbia kwa baba, na nilijua kwamba neno langu moja tu likiwafikia wale wazee, kila kitu kinavunjika. Naye alijua.

"Usiwaambie, mwanangu," akasema. "Mi sikudharau chakula yako. Mi niko peke yangu huku. Nikikufa leo, shamba yote inabaki yenu. We ungekuwa mi, haungeogopa?"

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Ningeogopa. Walahi ningeogopa kuliko yeye.

Nikamimina maji ya jerikani kwenye kikombe, nikamnyooshea asukutue. Akakitazama kikombe, mkono haukusogea. Nikakirudisha mdomoni kwangu, nikanywa funda moja, nikafungua kinywa aone nimemeza. Kisha nikampa tena. Akakipokea kwa mikono miwili, akasukutua, akatema, na maji yaliyobaki akayanywa yote.